Naomba ushauri: mdogo wangu abaki hosteli ya London au arudi nyumbani?

Ndugu wanachama, heshima kwenu. Mdogo wangu, aliyetumia heroini kwa miaka mingi, anaishi katika hosteli ya watu wasio na makazi jijini London. Kila asubuhi hupita duka la dawa kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mbele ya mfamasia, kisha hurudi kwenye korido ambayo majirani zake huvuta "spice", kile kilevi cha maabara kinachoigiza bangi, mlango hadi mlango. Dozi anaifuata vizuri. Mazingira ndiyo yanayomrudisha nyuma. Wahudumu wana naloksoni ya kumzindua aliyezidisha, nami nalishukuru hilo, ingawa nguvu yake huweza kuisha kabla ya heroini kutoka mwilini.

Mama anataka arudi Zanzibar aingie soba hausi, yaani nyumba ya waraibu wanaoacha dawa za kulevya. Ninasita, maana nyingi humtaka mtu aache kila kitu, na mwili uliokwisha kuzoea kukaa bila dawa huweza kuuawa na kipimo kile kile cha zamani akiteleza. Muhimbili, Dar es Salaam, methadoni inatolewa tangu 2011. Je, yupo aliyemhamisha ndugu yake kutoka kliniki ya Uingereza hadi ya Tanzania bila dozi kukatika? Na akibaki, tuombeje ahamishiwe hosteli tulivu zaidi?