Kufunga tela la mizigo kwenye baiskeli ya umeme yenye mota katika gurudumu la nyuma

Muuza Maji, Tanga

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninauza maji ya kunywa ya madumu ya lita 20 hapa Tanga, na mwanangu ndiye anayeyapeleka kwa wateja, kutoka Ngamiani hadi Chumbageni na wakati mwingine Raskazone. Tuna baiskeli ya umeme ya volti 36 yenye mota ya wati 250 ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, fremu yake ni ya alumini na ina breki za diski mbele na nyuma. Kwa sasa anafunga dumu moja kwenye keria, na akisimama kwenye makutano baiskeli inamlalia. Nimeamua tutengeneze tela la magurudumu mawili litakalobeba madumu matatu kwa safari moja.

Fundi wa kuchomelea aliye jirani yangu anashauri mkono wa tela ufungwe kwenye bomba la kiti, kwa sababu ni rahisi na hauigusi mota. Fundi wa baiskeli anasema mahali pake ni kwenye ekseli ya nyuma, yaani kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, lakini naye anasita kwa kuwa hajawahi kufunga kitu chochote kwenye ekseli ya mota. Waya wa mota unatokea upande wa kulia, upande wa cheni. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni wapi pa kufunga, na kama uzito huo unafaa, maana anayepanda ni mtoto wangu na sitaki kubahatisha.

Spana Kumi na Nane

Shikamoo mama. Fundi wako wa baiskeli yuko sahihi, na kusita kwake pia kuna sababu, kwa hiyo nitaeleza yote mawili.

Mkono ukifungwa kwenye bomba la kiti, tela linavuta na kusukuma kutoka juu, karibu na kiuno cha mwendeshaji. Akifunga breki, uzito wote wa nyuma unakuja mbele kwa kupitia sehemu hiyo ya juu, gurudumu la nyuma linapungukiwa na mshiko wa barabara, na akiwa kwenye kona baiskeli inasukumwa ubavuni. Ekseli iko chini, karibu na barabara, kwa hiyo msukumo huohuo haupati nafasi ya kuipindua baiskeli. Ndiyo maana matela mengi ya kiwandani hufungwa hapo, upande wa kushoto, mbali na cheni na gia. Wewe umebahatika kwamba waya unatokea kulia. Ungetokea kushoto, kipande cha chuma kingeweza kuubana au kuukata, na waya huo ukichubuka mota inaweza kuzima katikati ya barabara.

Sasa kuhusu mota. Ekseli ya baiskeli ya kawaida inashikilia gurudumu tu, lakini ekseli ya mota ya kitovu inafanya kazi nyingine isiyoonekana: kila mara mota inaposukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli nayo inataka kujizungusha kwenda nyuma. Kinachoizuia ni zile bapa mbili zilizochongwa ubavuni mwake, ambazo hukaa ndani ya mwanya wa fremu, pamoja na washa (bati la duara linalokaa chini ya nati) yenye jino dogo linaloingia katika mwanya huohuo. Mota ikitoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 40, kingo za bapa hizo zinaikandamiza alumini kwa nguvu inayozidi nyutoni 4,000, kwa kuwa unene wa ekseli pale ni kama milimita 10 tu. Nati ikilegea kidogo, ekseli inaanza kucheza, inaula mwanya, na siku moja inazunguka kabisa na kuusokota waya.

Kwa hiyo kipande cha kufungia tela kisichukue kamwe nafasi ya washa yenye jino. Mpangilio ni huu: fremu, kisha washa yenye jino ikiwa imekaa sawasawa katika mwanya, kisha kipande cha tela chenye tundu la duara la milimita 12, kisha washa ya kawaida, na mwisho nati. Kipande kiwe cha chuma cha pua chenye unene wa milimita 5, na uso wake uwe umenyooka kabisa, kwa sababu kikiwa na mkunjo hata mdogo nati itakaza upande mmoja na kulegea baada ya kutikiswa barabarani. Nati ikazwe kwa takriban nyutoni-mita 40, kisha ikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo na kila wiki baada ya hapo.

Kabla ya kununua chochote, pima kitu kimoja: nati ya kushoto ikiwa imekazwa kama ilivyo sasa, ekseli inatokeza nje kwa milimita ngapi? Hilo ndilo litakaloamua kama kipande kinaweza kuingia.

Na tafadhali, mtu asichomelee chochote kwenye fremu ya alumini. Joto linaidhoofisha sehemu yote inayozunguka kiungo, na ufa huanza mahali usipoweza kuuona.

Msafiri wa Münster

Ninaishi Ujerumani, ambako matela ya baiskeli ni jambo la kila siku, na ningependa kuongeza kuhusu uzito. Huku kuna mwongozo wa mwaka 1999 unaoshauri kwamba tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 40, na lenye breki lisizidi kilo 80. Tafadhali, mama, zingatia kwamba hesabu hiyo inajumuisha tela lenyewe. Madumu matatu ni kilo 60 za maji peke yake, kabla hujahesabu vyuma na magurudumu.

Sababu ya kiwango hicho haihusiani na uwezo wa kuvuta. Mota ya wati 250 katika mji ulio tambarare kama Tanga itavuta madumu matatu bila kulalamika, na hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu mwendeshaji hasikii uzito miguuni. Atausikia anapotaka kusimama. Nishati ya mwendo ambayo breki zinapaswa kuimaliza inaongezeka kwa mraba wa mwendo, yaani ukishuka kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 15, inabaki asilimia 36 tu ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo, hata mkikubaliana juu ya uzito, mwekeeni kijana kikomo cha mwendo. Baiskeli nyingi za aina hii zina ngazi za msaada wa mota, na ngazi ya kwanza au ya pili inatosha akiwa na mzigo.

Baiskeli yangu ina mota katikati, kwenye pedeli, na ekseli yake ya nyuma ni bomba linalopenya kitovu na kujifunga kwenye skrubu ya fremu, kwa hiyo nililazimika kununua ekseli ndefu zaidi yenye sehemu ya kufungia tela. Mwenye baiskeli kama hiyo apime kwanza hatua ya skrubu, yaani umbali kati ya jino na jino, kwani ziko za milimita 1, 1.5 na 1.75, na haziingiliani.

Dereva wa Guta

Naheshimu viwango vya Ulaya, lakini hapa kwetu guta na mikokoteni hubeba magunia kila siku na watu wanaendesha maisha. Mama, usitishike na kilo 40. Cha muhimu ni tela liwe pana na kijana awe mzoefu.

Spana Kumi na Nane

Kaka, guta lina magurudumu matatu, linasimama lenyewe, na mwendo wake ni wa miguu. Mkokoteni unasukumwa na mtu anayetembea. Hapa tunazungumzia magurudumu mawili yanayoweza kufika kilomita 25 kwa saa yakiwa na mzigo unaosukuma kutoka nyuma, na breki za diski zilizokusudiwa kumsimamisha mtu mmoja na baiskeli yake. Uzoefu wa kijana hauongezi breki. Mimi ninasimama kwenye madumu mawili, na tela lenyewe litengenezwe jepesi kadiri inavyowezekana, hata kama jumla itapita kidogo ile 40. Kwa hilo dogo linalopita, mwendo ushushwe. La tatu lisubiri mpaka tela liwe na breki zake.

Muuza Maji, Tanga

Marahaba, mwanangu, na ahsanteni wote. Nimepima: ekseli inatokeza nje ya nati kwa milimita 7. Nimekubali madumu mawili kwa kuanzia, kwa sababu hata hivyo ni mara mbili ya tunachobeba leo. Fundi wa kuchomelea anauliza madumu yakae wapi juu ya tela, na mkono uunganishwe vipi ili usivunjike. Kwenye barabara za Ngamiani kuna sehemu zenye mashimo.

Spana Kumi na Nane

Milimita 7 zinatosha. Kipande cha milimita 5 kikiingia, nati itashika meno yake yote na ekseli itabaki imetokeza kidogo. Kama ingekuwa 3 au 4 ningekuambia uache ekseli na utumie mashimo mawili ya stendi yaliyo kwenye bomba la nyuma la kushoto, ambayo baadhi ya baiskeli za umeme zinayo.

Kuhusu madumu, yasimame wima, ubavu kwa ubavu, na sakafu ya tela iwe chini kadiri matundu ya barabara yanavyoruhusu. Ukitumia magurudumu ya inchi 20, sakafu inaweza kuning'inia chini ya usawa wa ekseli za tela. Yasikae sawia juu ya ekseli hizo, bali mbele yake kidogo. Tuseme kutoka ekseli za tela hadi kiungo cha baiskeli ni sentimita 120, na katikati ya mzigo iko sentimita 15 mbele: kilo 40 mara 15, gawanya kwa 120, unapata kilo 5 zinazolalia kiungo, na hizo ni za kutosha. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, tela litainua gurudumu la nyuma la baiskeli na kuanza kuyumba. Dumu lililojaa na kufungwa halina shida, ila la nusu hutikisika na kuongeza kuyumba, kwa hiyo madumu tupu yarudi yakiwa tupu kweli na yamefungwa kwa mpira.

Mkono utumie bomba la mraba la milimita 25 na uanzie kwenye fremu ya tela upande wa kushoto. Mwambie fundi asikifanye kiungo kuwa bawaba ya mlango inayokwenda juu na chini tu, kwani ndicho kinachovunja mikono ya matela mengi ya kienyeji. Kinapaswa kuruhusu juu na chini, kulia na kushoto, na pia kujizungusha, ili baiskeli ikilala tela libaki limesimama. Kiungo cha mpira mgumu unaopinda, au cha tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe chake, kinafaa. Juu yake pitisha mkanda wa usalama kutoka kwenye mkono wa tela hadi kwenye bomba la fremu ya baiskeli, uliolegea kiasi cha kuruhusu kona, ili kiungo kikikatika tela lisiende zake kwenye miguu ya watu.

Chumvi ya hewa ya Raskazone italishambulia tela la chuma haraka, basi lipakwe rangi ya kuzuia kutu hadi ndani ya ncha za mabomba. Na kijana abebe spana namba 18 kila safari, maana sasa akipata pancha ya nyuma atalazimika kufungua kipande cha tela kabla ya kutoa gurudumu, na akirudisha lazima afuate mpangilio uleule wa washa.

Msafiri wa Münster

Kuhusu breki za lile dumu la tatu: mwambieni fundi aangalie breki ya msukumo, ambayo mkono wa tela una sehemu inayoteleza kwa sentimita chache, na tela linapoisukuma baiskeli sehemu hiyo inavuta waya wa breki za magurudumu ya tela. Haihitaji umeme, na breki za kawaida za baiskeli zinaweza kutumika. Kabla ya hapo, kijana ajizoeze kupunguza mwendo akiwa bado kwenye mstari ulionyooka, aachie breki, ndipo aingie kona, na wakati wa masika afanye hivyo mapema zaidi. Mwekeeni pia taa nyekundu nyuma ya tela, kwa sababu madumu yataifunika ile ya baiskeli.