Mjadala: Bodi ya shule yataka kujenga ghorofa, lakini wana imewahesabu vipi?

Mzazi wa Langoni

Asalaam aleikum wana Amu (Lamu). Hebu tulizungumze hili waziwazi maana kwenye mkutano wa wazazi tulikatwa maneno. Bodi ya shule yetu (jina silitaji, wa mtaani washaijua) imeleta mpango wa miaka mitano: ijengwe ghorofa juu ya lile jengo la zamani la madarasa, kila mzazi atoe mchango, zitakazopungua tuombe NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa jimbo. Sababu ni moja tu, wana wamejaa.

Kujaa sipingi. Nimeingia grade 4 nikaona dawati la wawili limekaliwa na wanne, yule wa pembeni amekalia nusu tako, mguu mmoja nje, daftari ameweka pajani. Muongozo wa wizara wa usalama wa mwaka 2008 wasema darasa la mita 7.5 kwa 6 lisizidi wana 40 kwa madawati ya wawili, sisi huo mstari tushaupita kitambo.

Lakini nilipouliza hesabu ya miaka mitano mumeitoa wapi, jibu likawa "tumechukua ya mwaka huu tukaongeza kidogo". Kidogo ndio ngapi? Kimya.

Mimi nasema hiyo si hesabu. Mwana wa grade 1 wa miaka mitano ijayo ashazaliwa, yuko kliniki yuadungwa ile sindano ya surua ya miezi tisa na ashaandikwa kwenye buku la chanjo. Bodi si iende kwa nesi iulize mtaa wetu wamechanjwa wangapi, idadi tu, hakuna anayetaka majina. Changanya na wa chekechea, PP1 na PP2, waliopo, toa wanaohamia praiveti, ushapata picha bila kupiga ramli. Mwaka 2003 masomo ya bure yalipoanza shule nyingi zilifurika kwa sababu zilikuwa zinajua wana walio darasani tu, walio majumbani hakuna aliyewahesabu.

Fundi wa Gadeni

Hesabu nzuri lakini kisiwa hakivutwi kikarefuka. Pa kujenga ni juu tu, uwanja ukiujengea hao wana watachezea wapi?

Mwalimu Mstaafu

Fundi wangu, na msingi je? Jengo lile lilijengwa kubeba mabati, si zege na wana mia wakikimbilia ngazi kengele ikilia. Kabla ya mchango wa mtu yeyote injinia achimbe pembeni aone kuna nini chini. Halafu hapo ni jirani na mji wa kale ambao uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, ukitaka kupandisha ukuta kuna watu wa Makumbusho wa kuwauliza kwanza, sijasikia kama bodi imewauliza.

Fundi wa Gadeni

Hapo kwa msingi nakubali uchimbwe. Ila watu wajue pia bei. Simiti, nondo, kokoto, vyote vyaja na mashua, unalipa mashua, unalipa wapakuzi, unalipa punda mpaka mlangoni. Darasa la huku si bei ya darasa la Mpeketoni kule bara, na pesa ya serikali ikija haijui kama kuna punda 😅

Mjumbe

Niko kwenye bodi ila nasema kivyangu. Watu wanatusema kama sisi ni wizara. BOM, yaani bodi ya shule, haina mfuko wa kujenga! Kapitesheni, ile pesa ya serikali kwa kila mwana, ya primary ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, ya junior (grade 7 mpaka 9) ni 15,042, na inalipwa kwa aliyeingia kwenye mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi, sasa mwana asiye na cheti cha kuzaliwa kumuingiza mle ni kazi, yaani anakaa kwenye dawati lakini pesa yake haiji. Walimu ni wa TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, wakikosekana tunaajiri wa BOM na mshahara unatoka kwa nyinyi wazazi. PP1 na PP2 ni za kaunti. Mwana akitoka PP2 kuingia grade 1 amehama kutoka serikali ya kaunti kwenda serikali kuu na hata geti hajatoka. Nani ampangie nani?

Halafu 2023 tukaletewa grade 7 hapa hapa, ikafuata 8, 2025 ikaja 9. Shule iliyojengewa darasa la kwanza mpaka la nane leo ina tisa na wataka na maabara. Msitulaumu kwa yote.

Mzazi wa Langoni

Ndugu mjumbe hakuna aliyekulaumu kwa pesa. Nimeuliza namba, na namba hailipiwi. Tena sheria ya elimu ya 2013 imetupa wazazi viti sita kwenye bodi, hao sita wetu waliuliza nini siku mpango unapitishwa?

Mama wa Wiyoni

Kwa nini tusifanye zamu mbili, wadogo asubuhi wakubwa mchana? Darasa lile lile, simiti hununui.

Ustadh wa Mtaa

Mamangu mchana ndio saa ya chuo, yaani madrasa. Ukiwapeleka shule alasiri Qurani watasoma saa ngapi? Wazazi wa huku hawakubali hilo hata kwa baraza ya chifu.

Mama wa Wiyoni

Ustadh si chuo kinaweza kugeuzwa asubuhi kwa wale wa mchana? Naona hakuna hata aliyekuja kuwauliza walimu wa vyuo, imeamuliwa tu haiwezekani.

Ustadh wa Mtaa

Kuulizwa hatukuulizwa, hilo ni kweli.

Kijana wa Mokowe

Mwapigania kisiwa bure. Sensa ya 2009 kaunti nzima ilikuwa watu 101,539, ya 2019 ikawa 143,920. Gati la kwanza la bandari likafunguliwa 2021, na bandari iko Magogoni, bara huku. Viwanja vinavyokatwa ni Hindi na Mokowe. Jengeni shule mpya bara penye ardhi, tena yenye hati isije ikanyakuliwa.

Mzazi wa Langoni

Hiyo namba ni ya kaunti, kuhusu mtaa wangu hainambii kitu. Huenda uko sawa kwamba wengi wako bara, basi ndio sababu zaidi ya kuhesabu kabla ya kumwaga zege. Ila mwana wa miaka sita wa Langoni hutampandisha boti kila asubuhi aje kwenu, kusi likivuma hata watu wazima wanashika mbao.

Mama wa Wiyoni

Na choo? Mwasema madarasa tu. Wizara yataka tundu moja kwa wasichana 25, wavulana 30. Mukiongeza ghorofa nzima ya wana hayo matundu yatachimbwa wapi na maji yenyewe ni ya visima vya Shela na bomba siku nyingine halitoi? Binti yangu hanywi maji shule ili asiende choo. Hilo liko ukurasa gani wa huo mpango?

Mjumbe

Choo hakimo. Nitalisema.

Kuhusu kliniki, mkitaka nilete barua iliyosainiwa na mwenyekiti tumuone afisa wa afya, nitaiandika wiki hii. Lakini mchango msiuzuie, tukingoja kila hesabu mwaka utaisha na wana wako chini ya mwembe.

Mzazi wa Langoni

Barua andika, nitakufuata nyuma. Mchango mimi sitoi mpaka nione mambo mawili, namba ya kliniki na ripoti ya msingi. Mwenye kutoa kabla ya hapo atoe, simkatazi.

Fundi wa Gadeni

Kuchimba pembeni tuone msingi ni kazi ya nusu siku, nitakuja na vijana wangu bure. Injinia wa kuusoma ndio mtafute nyinyi.