Naombeni ushauri: mchapishaji gani anapokea riwaya ya mwandishi mpya?

Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza riwaya yangu ya kwanza, ya upelelezi, maneno kama elfu 62. Mambo yanatokea bandarini Kigoma: maiti imekutwa ndani ya shehena ya dagaa, na karani wa forodha anajua zaidi ya anayosema. Natafuta mchapishaji, Dar au hata Nairobi. Nianzie wapi? Na je, ni kawaida mwandishi mpya kuchangia gharama kidogo? Ningeshukuru nikipata majibu kabla ya Ijumaa.

KalamuNzito
Hongera kwa kumaliza, wengi huishia sura ya nne. Kwa Dar anza na Mkuki na Nyota na E&D Vision. Nairobi kuna East African Educational Publishers, Longhorn na Oxford. Ila angalia kwanza kila mmoja anauza nini. Nyumba nyingi za uchapishaji zinaishi kwa vitabu vya shule, kwa hiyo mhariri akishika riwaya yako anajiuliza kama itapata ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni, ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) huku, au ya KICD, taasisi ya mitaala, kule Kenya. Riwaya ya watu wazima yenye damu na vyumba vya kulala inaweza kurudishwa hata ikiwa imeandikwa vizuri.

Unachotuma: barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa kurasa mbili, na sura tatu za kwanza, zifuatane. Usichague "sura tamu". Herufi ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, kurasa zenye namba. Kwenye muhtasari mtaje muuaji. Watu huficha mwisho wakidhani wanamtia mhariri hamu, kumbe hawezi kupima fumbo asilojua jibu lake. Mswada ukipita mezani kwake unakwenda kwa msomaji wa nje anayeandika ripoti, na hapo miezi mitatu hadi sita ni kawaida.

BintiUkerewe
Mimi ningeanza na tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaratibiwa na TET, ina kipengele cha riwaya, na washindi hutangazwa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Nyingine ni ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Hiyo inapokea hata mswada ambao haujachapishwa, na Mkuki na Nyota wamechapisha baadhi ya kazi zilizoshinda. Soma masharti ya mwaka husika, hasa idadi ya maneno.

FundiKaratasi
Mnamzungusha. Chapa mwenyewe. Maneno elfu 62 kwenye A5 ni maneno kama 300 kwa ukurasa, ongeza kurasa za mwanzo na sura zinazoanza ukurasa mpya, unafika kama 220. Kiwanda kinachapa karatasi kubwa inayokunjwa kurasa 16, kwa hiyo panga 224, yaani mikunjo 14. Ukipeleka 226 unalipia mkunjo mzima kwa ajili ya kurasa mbili. Ndani karatasi ya gramu 80, jalada gramu 250 au 300 lenye laminesheni, ule utando wa plastiki. Chini ya nakala 500 omba bei ya uchapaji wa dijitali, ukifika 1,000 omba ya ofseti, uchapaji wa mabamba. Na usikubali kitabu kifungwe kwa gundi peke yake bila kuona sampuli: ifungue katikati uilaze mezani, ikilia "kwa" basi kurasa zitaanza kutoka msomaji akifika nusu.

Mzee Mstaarabu
Vijana mna haraka. Hakuna aliyemuuliza kama mswada umehaririwa. Upelelezi hauvumilii uzembe. Chukua daftari, kila sura andika mistari mitatu: nani yuko wapi, anajua nini, amedanganya nini. Ukimaliza utakuta karani wako anataja sura ya 6 jambo aliloambiwa sura ya 9.

WakiliWaKitaa
Mmemjibu vizuri swali ambalo huenda siyo lake. Mleta mada, Ijumaa kuna nini? Na nani amekwambia uchangie?

Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Asanteni wote. Mzee, daftari nitalifanya. Wakili, ipo kampuni moja, jina naomba nisiweke. Wanasema gharama ni 3,600,000, nakala 300, pamoja na uhariri, jalada na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Walinijibu ndani ya siku mbili kwamba kazi ni nzuri sana. Sioni ubaya wake.

KalamuNzito
Gawanya. 3,600,000 kwa 300 ni 12,000 kwa nakala. Mtauza bei gani?

Kigoma_Mwisho_wa_Reli
15,000.

KalamuNzito
Duka likichukua asilimia 40 linakuachia 9,000. Kila nakala inayopita dukani inakula 3,000 yako. Na siku mbili hazitoshi kusoma maneno elfu 62 na kuyatafakari. Mchapishaji anayeweka mtaji wake hakimbii hivyo, kwa sababu kitabu kikidoda hasara ni yake. Huyu ameshapata faida kabla duka halijafunguliwa.

WakiliWaKitaa
Umeshalipa?

Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Nusu. 1,800,000 nimeituma kwa simu. Mkataba nasaini Ijumaa. Lakini wakuu, nieleweni. Kuna nyumba kubwa nilipeleka mswada, hata kusema wameupokea hawakusema. Hawa wananipigia simu. Wana ofisi, nimeiona, vitabu vipo kwenye shelfu. Mwandishi mpya bila kujitoa hatoki.

ChaiYaRangi
Mimi naona chai hapa. Akaunti ya wiki hii, kampuni haina jina, hela zimetajwa kwa tarakimu nzuri nzuri, na habari zinatoka kipande kipande kama tamthilia. Kesho atatokea mwenzake aseme "hata mimi walinichapia, namba yao hii hapa". Modi, angalia huu uzi.

BintiUkerewe
Kama ni tangazo, ni tangazo la kuikimbia hiyo kampuni.

ChaiYaRangi
Basi aweke mkataba. Mwandishi wa riwaya hashindwi kutunga maiti, atashindwa kutunga kampuni?

Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Sijaja kutunga. Nanakili kama kilivyo, jina tu nimelitoa:

"7(b) Mwandishi anaikabidhi Kampuni haki zote za kazi hii, kwa lugha zote na miundo yote, ikiwemo sauti na filamu, kwa kipindi chote cha uhai wa hakimiliki. 7(c) Katika nakala 300 za toleo la kwanza Mwandishi atapewa nakala 50. Zinazobaki ni mali ya Kampuni. Mwandishi atalipwa mrabaha wa asilimia 10 ya mapato halisi."

WakiliWaKitaa
Sasa tunaongea. Kwa sheria yetu hakimiliki inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. 7(b) inawafungia hadi wajukuu. Mtu akitaka kuifanya filamu, hela inakwenda kwa kampuni.

7(c) ndiyo mbaya zaidi kwa mfuko wako. Mapato halisi kwa nakala, duka likishachukua chake, ni 9,000, asilimia 10 ni 900. Nakala 250 zikiisha zote, unapata 225,000. Zile 50 ukiuza mkononi kwa 15,000 ni 750,000. Jumla 975,000, na utakuwa umetoa 3,600,000.

ChaiYaRangi
Sawa, nimeisoma 7(c). Naondoa neno la chai.

FundiKaratasi
Ulizeni na faili. Wakimaliza mpangilio wakupe faili la wazi, linaloweza kuhaririwa, la kurasa na la jalada, siyo PDF tu. Bila hilo, ukitaka kurekebisha herufi moja toleo la pili unalipa upya. Na ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, hata mwandishi anayejichapishia anaomba. Ikiombwa kwa jina la kampuni, mchapishaji anayetambulika ni kampuni.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Sasa 1,800,000 yangu je? Nikikataa kusaini imekwenda. Na mabadiliko wanaweza kukubali, ni watu waelewa.

WakiliWaKitaa
Usiende Ijumaa kusaini, nenda na karatasi. Kwanza, neno "anaikabidhi" litoke, iwe leseni, yaani ruhusa ya muda: Kiswahili tu, kitabu cha karatasi na cha kielektroniki, miaka mitano. Tafsiri, sauti na filamu zibaki kwako. Pili, nakala 300 zote ni zako kwa kuwa umezilipia. Wakiziuza kwa niaba yako walipwe kamisheni. Tatu, taarifa ya mauzo kila miezi sita. Nne, nakala zikiisha, na wasipochapa tena ndani ya miezi sita baada ya barua yako, haki zirudi.

Wakikataa, omba hela yako kwa maandishi siku hiyohiyo, taja tarehe ya kuilipa. Ujumbe wa muamala usiufute, na mawasiliano yote yanayosema ililipwa kwa ajili ya nini uyachapishe. Mswada nao, hakimiliki ni yako tangu ulipouandika, ila ukiusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya Ijumaa unakuwa na ushahidi wa tarehe.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Nimeandika yote. Ila hiyo asilimia 10 nadhani niiache, hata nyumba kubwa si hutoa hivyohivyo?

KalamuNzito
Nyumba kubwa haikukutoza uchapaji. Na uliza asilimia 10 ya nini. Ya bei ya jaladani ni 1,500, ya mapato halisi ni 900. Kama lazima ibaki, waandike "bei ya jaladani" kwa maneno hayo, na pande zote mbili ziweke saini fupi pembeni ya mstari uliorekebishwa.