Siku sita Jambiani na mama mzee na watoto wawili: matembezi gani tuyaunganishe na bahari?

MamaWawili_Dom

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wenyeji wa Unguja na wote waliowahi kwenda.

Likizo ya Juni nampeleka mama yangu mzazi Zanzibar. Ana miaka 71, amelima alizeti Singida maisha yake yote na hajawahi kuiona bahari. Tutakuwa mimi, yeye na wanangu wawili, wa miaka 6 na 11. Hoteli ya ufukweni Jambiani tumeshailipia, usiku sita, pamoja na chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Tutavuka na boti ya asubuhi kutoka Dar.

Shida yangu ni hii. Mtu wa hoteli amenitumia orodha ya safari tisa. Kuna Mji Mkongwe, kisiwa cha Changuu, mashamba ya viungo, msitu wa Jozani, pomboo wa Kizimkazi, kisiwa cha Mnemba, ufukwe wa Nungwi na nyingine, kila moja kwa dola, kwa kila kichwa. Nikijumlisha watu wanne inakaribia gharama ya hoteli yenyewe. Halafu magoti ya mama ni mabovu, ngazi anapanda kwa kupumzika. Sitaki akae barazani siku sita akitazama maji, wala sitaki tushinde ndani ya gari. Ningependa kujua nyinyi mngechagua nini na mngeacha nini.

Mtembezi_Arusha

Pole kwa mawazo dada, na hongera kwa kumkumbuka mama.

Futa Nungwi na Mnemba leo leo. Jambiani iko kusini mashariki na hizo ziko kaskazini kabisa. Sisi tulikwenda Nungwi kutoka upande huo huo, tukatumia karibu saa mbili kwenda na zaidi ya hapo kurudi. Watoto walilala njia nzima, na tulichokikuta ni bahari, wakati bahari tulikuwa tumeiacha mlangoni.

Jingine, beba vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wakala mmoja alituuzia Jozani kwa bei ya mgeni wa nje. Kufika getini tukaona bei ya Mtanzania imeandikwa, na iko chini mno. Hela yetu haikurudi. Viingilio lipeni wenyewe getini.

Mwana_wa_Jambiani

Dada, kabla hujachagua safari yoyote, niambie mwezi utakuwa wapi siku mtakazokuwa hapa kwetu.

Nauliza kwa sababu bahari ya upande huu haikai mahali pamoja. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapwa asubuhi mpaka yanasogea karibu na mwamba, zaidi ya kilomita moja kutoka ufukweni. Mkimaliza chai saa tatu mtakuta mchanga, vidimbwi na ngalawa zimelalia ubavu. Wageni wengi hukasirika siku hiyo, wanadhani wameuziwa picha ya uongo. Kumbe maji yanaanza kurudi mchana, na kiasi cha saa kumi alasiri yamejaa hadi kwenye ngazi za hoteli. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, inakuwa kinyume: yanajaa kiasi cha saa nne asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali sana. Kila siku yanachelewa kama dakika 40 au 50 kuliko jana yake.

Kwa hiyo wiki ya bamvua matembezi ni ya asubuhi na kuogelea ni alasiri. Wiki ya maji mafu, geuza. Watu wanapanga safari kwa orodha ya wakala, wanarudi saa kumi na mbili jioni kila siku, halafu wanasema Jambiani haina maji. Maji yalikuja, wao hawakuwepo.

MamaWawili_Dom

Kaka asante sana, hili hakuna aliyeniambia. Nimeangalia kalenda: mwezi mpevu ni siku yetu ya pili. Basi sisi ni watu wa bamvua?

Mwana_wa_Jambiani

Ndiyo, bamvua tupu, na kwa mama ni bahati. Asubuhi moja msitoke kabisa. Maji yakishapwa, shukeni naye taratibu mkawaone kinamama wa mwani. Kilimo hiki kilianza hapa mwaka 1989, na mama yangu ni mmoja wa walioanza nacho. Utaona vijiti vimechomekwa mchangani, kamba imevutwa toka kijiti hadi kijiti, na kila shada la mwani limefungwa kwa kikamba chake. Mwanamke anakaa ndani ya maji ya kiunoni na kanga yake, anafunga shada moja moja, mkono unakwenda bila yeye kutazama. Siku hizi mwani mnene wenye bei haustawi tena kwenye maji ya karibu, maji yamekuwa ya moto, wengi wamebaki na ule mwembamba.

Msikanyage kamba, na picha ombeni kwanza. Vaeni yeboyebo, kuna viumbe wa baharini wenye miiba mieusi kwenye mawe. Mchanga ni tambarare, kwa magoti ni rahisi kuliko ngazi yoyote ya mjini. Na mama yako atasalimiana nao kama mkulima na wakulima.

Dereva_wa_Unguja

Naandika kama mtu ninayepita njia hiyo kila siku. Kodi gari kwa siku, usilipe kwa kichwa. Noah moja inawatosha na mizigo yenu.

Jozani usiifanye safari ya peke yake. Iko njiani, kama kilomita 35 kutoka mjini. Mkishuka bandarini Malindi, dereva awapitishe Jozani kwanza, mkimaliza mnaendelea hadi Paje, mnakata kulia, mmefika Jambiani. Gari ni lile lile. Mtawaona kima punju karibu kabisa, wamekaa matawi ya chini wanakula majani machanga. Waonyeshe watoto mikono yao: kidole gumba hakuna, vinne tu. Wanyama hawa hawapatikani popote duniani isipokuwa hapa Zanzibar. Msiwashike wala kuwapa kitu. Upande wa pili wa barabara kuna njia ya mbao katikati ya mikoko. Ni tambarare ila ubao mmoja mmoja umelegea, mama ashikwe mkono.

Na ushauri wangu mkubwa: usiku wa mwisho lala mjini. Ongea na hoteli mapema wakupunguzie usiku mmoja. Mji Mkongwe wa kwenda na kurudi siku moja unawakosesha jioni, na jioni ndiyo bustani ya Forodhani yenyewe, jua likizama, vijana wanaruka majini, moshi wa mishikaki. Kisha asubuhi boti iko hapo hapo, hamkimbizani na saa.

Mtembezi_Arusha

Naunga mkono la kulala mjini. Ningelijua hilo.

Kaka_Pwani

Pomboo je? Mbona mmewaruka? Watoto wangu hawajasahau hadi leo. Tulitoka alfajiri, nahodha akazima mashine, wakapita chini ya boti yetu.

BintiUkunda

Mimi pomboo walinihuzunisha. Tulikuta boti kama kumi zinawazunguka wawili tu, mashine zinanguruma, na kila walipoibuka watu wanapigiwa kelele ruka, ruka! Mnyama anatafuta pa kupumulia. Ukienda, patana na nahodha kabla hujalipa kwamba hafukuzi, na ukiona boti zimejaa, geuzeni. Tena Juni ni msimu wa upepo wa kusi, bahari ya huko ina mawimbi, na kuna mama wa miaka 71 kwenye boti ndogo. Mimi nisingempeleka.

Mkiwa Kizimkazi kwa sababu nyingine, ingieni msikiti wa Dimbani kwa heshima na mavazi ya stara. Kibla yake ina maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Nje unauona msikiti wa kawaida wa kijijini, na watu bado wanasali humo.

BiKarafuu

Mwanangu, umesema mama ni mkulima halafu viungo hujavipa uzito. Hiyo ndiyo safari yake. Mpeleke mashamba ya Kizimbani au Kidichi asubuhi, mwambie mwenye shamba tangu mwanzo kwamba mama analima, asiwaendeshe mbiombio kama kundi la watalii. Nimewaona watu wazima wakishangaa iliki: wanatafuta juu ya majani, kumbe inazaa chini kabisa, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo. Watoto watapakwa rangi nyekundu ya mzingefuri midomoni. Karafuu mtaziona, ila mjue nyingi zinatoka Pemba. Mkiwa Kidichi pitieni hamamu aliyoijenga Sultani Sayyid Said mwaka 1850 kwa mkewe wa Kiajemi. Ni jengo dogo, dakika ishirini zinatosha.

Shamba liko upande wa mjini, kwa hiyo liweke siku mnayohamia mjini. Njia moja, kazi mbili.

MamaWawili_Dom

Bi Karafuu, shikamoo. Umenigusa, kweli nilikuwa nawafikiria watoto tu. Je, Changuu anaiweza? Na lile soko la watumwa, mtoto wa miaka 6 aingie?

BiKarafuu

Marahaba mwanangu. Changuu ni karibu, nusu saa kwa boti, na upande wa mjini kusi halisumbui sana hasa asubuhi. Ugumu uko kwenye kupanda: boti inasogezwa ufukweni, unaingia majini hadi magotini, kisha unainua mguu kuvuka ubavu wake. Dada yangu alishikwa na vijana wawili akapanda, lakini alikuwa ameomba ngazi tangu kwenye kupatana bei, na ilikuwepo. Usipoomba, haipo. Wakifika watawapenda kobe. Wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na baadhi wameandikwa umri mgongoni kwa rangi. Jela iliyojengwa 1893 haikufunga mfungwa, ikawa karantini ya wagonjwa.

Kanisa la Mkunazini, ndiyo, nenda. Ndipo lilipokuwa soko la watumwa: lilifungwa 1873 na kanisa likajengwa juu yake. Vile vyumba vya chini dari yake ni fupi na kuna ngazi za kushuka. Wa miaka 11 mpeleke na umweleze. Mdogo abaki nje na bibi yake.

Mwana_wa_Jambiani

Ukiweza kusogeza hadi wiki ya tatu au ya nne ya Julai utaukuta Mwaka Kogwa hapo Makunduchi, jirani yetu. Wanaume wanatwangana kwa migomba, kibanda kinachomwa moto, kinamama wanaimba, na mgeni anakaribishwa chakula nyumba yoyote.

MamaWawili_Dom

Shule zitakuwa zimefunguliwa kaka. Labda mwaka mwingine.

MamaWawili_Dom (baada ya safari)

Tumerudi wadau. Nimeona niwaletee majibu.

Tulifuata maji. Jozani tulipita siku ya kufika na watoto wakaanza kuhesabu vidole vya kima. Hoteli ilikubali kuturudishia usiku mmoja baada ya mabishano ya simu, ombeni mapema kuliko mimi. Siku mbili tulitoka asubuhi, moja kwa miguu kijijini na nyingine Makunduchi kwa gari la nusu siku, na zote mbili saa nane tulikuwa ufukweni tunayasubiri maji yakirudi. Mwanangu mdogo alikuwa anachora mstari mchangani anaona bahari inaufuta.

Changuu tuliiacha. Tulifika ufukweni, ngazi tuliyoahidiwa haikuwepo, upepo ulikuwa umeanza, na mama akasema hapana. Mkubwa alilia kidogo. Siku hiyo tulimpeleka soko la Darajani, mama akanunua mizani ya shaba ambayo bado sijui ataitumia wapi.

Shambani Kizimbani tulikaa saa mbili na nusu. Mwenye shamba alimpa mama kigoda, wakawa wanaulizana mambo ya mbolea na panya, mimi na watoto tukamaliza kuzunguka tukawakuta bado wanaongea. Mama alichimba iliki kwa mkono wake mwenyewe aone mizizi.

Na kwa kinamama wa mwani alikwenda mara mbili. Mara ya pili hakuniamsha. Nilimwona kutoka barazani, mbali kwenye mchanga mtupu, sketi kaikunja, amechuchumaa kando ya mwenyeji wake anajifunza kufunga shada.

Mwana_wa_Jambiani

Dada, mwenyeji wake huyo ni jirani yetu. Amemuulizia juzi kama amefika salama Singida.