Mbwa wangu ana plasta mguuni na ameanza kuninguruma, nifanyeje?

binti_barani
Wadau salama? Mie niko Malindi huku Barani, nina mbwa wangu anaitwa Chenga, dume, ana kama miezi kumi, koko tu wala si wa kizungu, nilimwokota mtaroni akiwa mdogo. Wiki tatu zilizopita geti liliachwa wazi akatoka mbio akagongwa na tuktuk, dereva hata kusimama hakusimama. Nikampeleka kwa dokta wa mifugo akapigwa eksirei, mguu wa nyuma umevunjika chini ya goti, akafungwa plasta nikaambiwa wiki sita asikimbie asiruke na plasta iangaliwe kila wiki. Wiki ya kwanza nilienda. Ya pili na hii ya tatu sikwenda, hela zimekata jamani sitaki kudanganya.

Sasa anakaa kwenye banda la kuku la zamani (kuku wenyewe waliisha Idi) na kelele zake mtaa mzima wanazo. Anabweka, anatafuna mbao, nikimtoa akojoe anataka kufukuza kila paka. Na tangu juzi nikimshika karibu na ile plasta ananguruma meno nje, yule yule niliyekuwa namlaza mapajani! Jana mpwa wangu wa miaka saba alimshika mguu akamdaka mkono, kamkwaruza, damu kidogo tu. Kakangu akamchapa na ndala, anasema mbwa akishaonja mtu ndo basi tena. Mamangu naye hakuwahi kumtaka, alikuwa analalamikia najisi sasa na kuuma juu. Je, nimpe nusu panadol au brufen atulie? Na naweza kumfunza adabu akiwa hali hii au nisubiri apone? Samahani nimeandika gazeti.

kanzu_na_buti
Mie si dokta, namsaidia dokta wa mifugo tu miaka kadhaa, lakini dada kabla ya mbwa tuongee mtoto. Mkwaruzo wa jino uliotoa damu ni wa kwenda hospitali LEO, uoshwe kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, hesabu kwa simu, si kumwagia na kufuta. Waambie ni mbwa wa nyumbani na uwaonyeshe kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa kama unayo. Wao ndo wataamua sindano. Mbwa naye asiuawe wala asipewe mtu, mumuangalie siku kumi, akiwa mzima kama kawaida siku zote hizo basi hakuwa akiambukiza kichaa siku aliyouma. Ukimuua leo hutajua kitu. Kichaa cha mbwa dalili zikishatoka kwa binadamu ni kifo, ndo maana hata serikali imejiwekea 2030 kuwa mwisho wake Kenya, kwa hiyo usiambiwe na mtu "ni kidogo tu".

Pili panadol na brufen ACHA. Brufen inamtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo, panadol inakula ini, na nusu ya kidonge cha mtu mzima kwa mbwa wa kilo kumi na kitu si nusu, ni mzigo. Dawa za maumivu za mbwa zipo, mwulize dokta aliyemfunga.

Tatu na hii ndo imenishtua. Mbwa aliyekuwa mtulivu na plasta wiki mbili halafu ghafla hataki kuguswa, hiyo si adabu. Huyo anakwambia kitu. Inama unuse ile plasta juu na chini. Ikitoa harufu kama ya mkate uliooza au samaki wa jana, kuna kidonda ndani. Angalia vidole viwili vya katikati, vikiwa vimeachana na kucha zimetanuka ujue mguu umevimba. Gusa vidole, vikiwa baridi kuliko vya mguu wa pili ni mbaya. Imelowa? Imeteleza chini? Anaitafuna? Moja tu ya hayo ni safari ya leo leo, na mwambie dokta ukweli kuhusu hela, wengi wanakubali kulipwa kidogo kidogo. Mbwa huyu bado anakua, wiki tatu ni nyingi kwa bandeji moja hata kama hakuna kilichoharibika.

kipusa_wa_mjini
Mbwa ni mbwa, mnamfanya mtoto wa Mtaliano. Babu yangu alikuwa anawapaka oili chafu kidonda kinakauka na kupe wote wanakufa. Akinguruma piga pua, ataacha.

kanzu_na_buti
Kipusa oili chafu mbwa anairamba anatapika na ngozi inaungua, nimewaona wengi. Na hiyo ya kupiga pua kweli ataacha kunguruma. Siku nyingine atauma bila kunguruma. Mie napenda mbwa anayebisha hodi.

amu_kwetu
Pole sana dadangu. Mie niko Lamu, huku angegongwa na punda maana magari ni ya kuhesabu, na mbwa pia ni wa kuhesabu, kisiwa ni cha paka. Lakini nina wangu analinda shamba la minazi na mwaka jana alikatwa na panga la mtu nyama ya paja ikaonekana, wiki tano nilikuwa naye ndani ya banda, kwa hiyo hiyo kelele naijua vizuri.

Kilichoniokoa ni kifuu. Chukua kifuu cha nazi, paka ndani sima laini iliyochanganywa na mchuzi wa dagaa (usitie chumvi wala kitunguu, kitunguu ni sumu kwao), ibandike ikauke kidogo, mpe alale nacho. Atalamba nusu saa nzima kimya kama yuko msikitini, astaghfirullah, unanielewa. Ukiona ameanza kuvunja vipande mnyang'anye, kifuu kilichovunjika ni kisu. Chakula chote cha siku mpe hivyo, bakuli lipumzike. Siku nyingine nilikuwa namfichia dagaa kwenye gunia lililokunjwa akalitafuta kwa pua. Mbwa akitumia pua naye anachoka, na mguu haujasogea hata hatua.

Kuhusu kushikwa, mimi nilianza mbali na kidonda, yaani bega. Nagusa bega, kisha dagaa mmoja. Kwanza mkono, halafu dagaa, ukigeuza atafikiri dagaa ndo onyo. Mara tano basi, naondoka. Kesho yake mgongo, siku nyingine nyonga. Akikaza mwili au akilamba midomo au nikaona weupe wa mato, narudi nyuma pale alipokuwa sawa. Nilichukua siku tisa kufika kwenye bandeji, mke wangu alikuwa ananicheka, anasema posa yetu ilikwenda haraka kuliko hii. Lakini ufanye haya baada ya dokta kuangalia, maana mbwa anayeumia huwezi kumhonga. Na mtoto asiingie bandani kabisa kwa sasa.

Kumtoa akojoe tumia kamba fupi na leso kuukuu, ipitishe chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma uishike juu kama mkoba, uzito unaubeba wewe. Leso yako lakini, usichukue ya bi mkubwa ukatafuta vita nyingine. Na kwa bi mkubwa, mwambie kwa upole mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake, na sisi Mashafii (wa madhehebu ya Imamu Shafii) kesi ni mate na unyevu, basi awe na bakuli lake na banda lake na leso yake, chombo akikiramba kinaoshwa mara saba, moja yake kwa mchanga. Mkumbushe yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Mamangu alinyamaza hapo hapo.

Amri chagua neno moja tu nyumba nzima. Mimi humwita "ndoo", yaani njoo kwa Kiamu chetu.

binti_barani
Nimerudi. Mtoto amepelekwa, ameanza sindano, kadi ya Chenga ilikuwepo alhamdulillah. Plasta ilikuwa inanuka kweli, mie nilidhani ni banda. Ilipokatwa ndani kwenye kisigino kuna kidonda cha ukubwa wa shilingi ishirini, chekundu, nikalia mbele za watu. Dokta amesema mfupa unaunga vizuri, kidonda kimesafishwa, amefungwa upya na pamba nyingi, nirudi kila baada ya siku tatu, hela nitalipa mwisho wa mwezi. Kakangu amesikia amenyamaza, jioni nikamkuta anapaka sima kwenye kifuu. Ikitoka plasta naweza kumpeleka baharini?

kanzu_na_buti
Kidonda kifunge kwanza kabisa na dokta aseme ndiyo. Mguu utakuwa mwembamba usishtuke, ni nyama imepotea. Anza dakika tano za kutembea na kamba, uongeze pole pole. Bahari maji yakiwa yamekupwa jioni, mtembeze kwenye mchanga mgumu uliolowa, maji yamfike kifuani, maji yanambeba na nyama inafanya kazi. Ule mchanga mkavu wa juu unamchosha mguu na mchana unachoma nyayo. Asinywe maji ya chumvi ataharisha, na umsuuze kwa maji baridi ya bomba mkirudi.

binti_barani
Shukran sana. @amu_kwetu nimejaribu lile neno lako, nimesimama mlangoni nikaita "ndoo!" kwa sauti. Chenga hata sikio hakuinua. Mamangu akatoka jikoni na ndoo ya maji ananiuliza naifanyia nini.