Mrejesho: beseni la kuchezea la watoto wa chekechea

Wapendwa, mwezi uliopita niliwauliza nifanyeje, maana mchanga wa beseni nililowawekea watoto wangu wa miaka 3 na 4 ulikuwa unaishia machoni mwao. Nimerudi kuwashukuru.

Mchanga nimeutoa. Nimeweka kilo 2 za chenga za mchele, nikazitia rangi ya chakula na kijiko cha siki, nikazianika kivulini. Chini natandika mkeka, wanacheza wanne wanne kwa zamu. Mkeka umeniokoa kweli: tukimaliza tunaukunja, punje zote zinarudi beseni. Maharage sikuthubutu, yanaingia puani kirahisi na mabichi yana sumu.

Niliongeza vikombe, mwiko na sufuria kuukuu, na papo hapo pakawa mgahawa. Kuna mtoto mmoja ambaye tangu Januari hakuwahi kunena neno darasani. Alijaza kikombe, akafuta ukingo kwa kiganja, akanipa kwa mikono miwili: "Mwalimu, chai ya moto. Puliza kwanza." Nikapuliza, machozi yakinilenga.

Wiki ijayo tunaweka maji kidogo na vitambaa, wanataka kufua.