Naomba ushauri: nawezaje kuwaonyesha watu wa nyumbani maajabu madogo ya mtaani kwetu Moncton, Kanada?

BintiPangani

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi ni mzaliwa wa Pangani mkoani Tanga, na huu ni mwaka wangu wa saba nikiishi Moncton, katika jimbo la New Brunswick mashariki mwa Kanada, ambako nimekwisha kupata uraia. Tangu mwaka juzi, kila Jumamosi ambayo sina zamu kazini, huchukua kamera na kurekodi video fupi za Kiswahili kuhusu vitu vya ajabu vilivyo karibu nami. Sirekodi maghorofa wala maduka makubwa, bali yale ambayo wenyeji huyapita kila siku bila kugeuza shingo.

Video yangu ya kwanza ilihusu mto Petitcodiac, ambao unapita katikati ya mji. Mara mbili kwa siku, maji ya Ghuba ya Fundy yanapoanza kujaa, huingia mtoni kama wimbi moja lililonyooka kutoka ukingo huu hadi ule, likipanda dhidi ya mkondo, na mto wa matope uliokuwa ukishuka kuelekea baharini hugeuka na kupanda mbele ya macho yako. Siku ya kwanza kuliona nilisimama pale hadi vidole vikafa ganzi. Nilimtumia baba yangu video hiyo, naye ni mtu aliyevua samaki kwa zaidi ya miaka thelathini. Akaniambia kwa simu: "Mwanangu, hayo si maji kujaa tu?" Sikuwa na la kumjibu.

Video ya pili ilihusu Magnetic Hill, kilima kilicho pembezoni mwa mji, ambapo dereva akiondoa gia na kuachia breki, gari huonekana likipanda mlima lenyewe. Nilifahamu kwamba ni macho yanayodanganyika, lakini niliipa video kichwa kinachotaja "nguvu isiyojulikana", na ndiyo iliyotazamwa kuliko zote. Jambo hilo linanikera moyoni hadi leo.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, hugema miti ya mepo (maple) iliyo nyuma ya nyumba yake kila Machi na kuchemsha utomvu wake hadi uwe shira. Nilimrekodi kutoka kwenye uzio wangu bila kumwomba ruhusa, nikaisambaza video. Alipoiona kwa mjukuu wake hakunigombeza, ila kwa wiki mbili hakunisalimu. Nimeshaiondoa.

Naomba ushauri wenu: niendelee na maajabu haya madogo, au niwape watu maporomoko ya Niagara wanayoyataka? Nikieleza sababu ya jambo, je, ninaliua ajabu lenyewe? Na kwa jirani nianzie wapi?

MwalimuWaMachakos

Dada, nitajibu lile la kilima kwa sababu ninalo la kwangu. Kwetu Machakos, kwenye vilima vya Kituluni, kuna mahali panapoitwa Kyamwilu, ambapo maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima, na magari vilevile. Nimewapeleka wanafunzi pale mara kadhaa. Mara ya kwanza niliwaeleza kabla hatujafika kwamba mteremko wa ardhi inayozunguka barabara na kutoonekana kwa upeo halisi ndivyo vinavyoyachanganya macho, nao wakatazama kwa dakika tano wakataka kurudi kwenye basi. Mara ya pili sikusema neno. Niliwapa chupa ya maji na pima maji ya fundi ujenzi, nikawaacha. Walikaa karibu saa nzima wakibishana, na yule aliyeilaza pima maji barabarani na kugundua kwamba "juu" ndiko chini alipiga kelele kuliko alivyopiga aliyeona maji yakipanda.

Kwa hiyo rudi Magnetic Hill ukiwa na pima maji, rekodi upya, na ile video ya awali usiifute bali ibadilishe kichwa. Ajabu la pale ni jicho la binadamu, na hilo halipungui kwa kuelezwa.

NahodhaMstaafu

Binti yangu, mimi nimezaliwa Mkoani, Pemba, nimefanya kazi kwenye meli za mizigo kwa muda mrefu, na meli yetu iliwahi kufunga gati katika bandari ya Saint John, ambayo iko kwenye ghuba hiyohiyo unayoisema. Tuliambiwa tuweke mtu wa kuangalia kamba za meli usiku na mchana, nikadhani ni ukali wa nahodha. Asubuhi ngazi ya kushukia ilikuwa imeinuka kuelekea melini. Mchana ilikuwa karibu kulala. Pale maji hupanda na kushuka hadi mita 8. Umbali mfupi kutoka bandarini kuna korongo ambapo mto Saint John huporomoka kuelekea baharini maji yakipwa, na yakijaa bahari huwa juu kuliko mto, kwa hiyo maporomoko yaleyale hugeuka na kuelekea bara. Nililiona mara mbili kwa siku moja na bado nalisimulia.

Sasa mjibu baba yako kwa lugha yake. Mwambie kwamba kwetu, hata wakati wa bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ni takribani mita 4, lakini Burntcoat Head, upande wa Nova Scotia wa ghuba hiyo, hufikia karibu mita 16. Mvuvi akisikia hivyo atanyamaza kwanza, kisha atauliza kwa nini, na hapo ndipo umweleze. Mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani anajua kwamba maji yana mchezo wao, na akitembea kwa mwendo unaolingana na mchezo huo, yatamwagika hata kama hatua zake ni ndogo. Maji ya Ghuba ya Fundy, kutokana na urefu na kina chake, huchukua takribani saa 13 kwenda na kurudi. Bahari ya nje huyasukuma kila baada ya saa 12 na dakika 25. Mwendo umekaribia kulingana, kwa hiyo kila msukumo huongeza ule uliotangulia, na kwa kuwa ghuba hupungua upana na kina kuelekea ndani, maji hayana pa kwenda isipokuwa juu.

Nakusihi utumie maneno yetu. Sema bamvua, sema maji mafu, sema maji yanakupwa. Mrekodi mto wako siku za maji mafu, halafu siku za bamvua baada ya mwezi mpevu, uziweke picha hizo sambamba. Mtu wa pwani ataelewa bila kuhitaji neno lolote la kigeni.

MamaWaUvira

Dada yangu, mimi pia ninaishi hapa Moncton, na familia zetu kutoka Kongo na Burundi ni nyingi mjini kwa sababu Kifaransa kinatusaidia. Video yako ya mto ilikuwa nzuri, lakini uliacha kisa chenyewe. Mwaka 1968 ulijengwa ukuta wa barabara wenye malango ya maji kati ya Moncton na Riverview. Maji ya bahari yalizuiwa kupanda, matope yakatuama, mto ukawa mwembamba, na wimbi lililokuwa fahari ya mji likadhoofika hadi wageni wakawa wanaondoka wamevunjika moyo. Malango yalifunguliwa Aprili 2010, na mwaka 2021 daraja likachukua nafasi ya sehemu ya ukuta huo. Wimbi lilirudi kwa nguvu: mwaka 2013 watelezaji wawili kutoka California walilipanda kwa ubao umbali wa kilomita 29 bila kushuka. Kwa hiyo unachokirekodi kila Jumamosi ni mto uliopona.

Siku nyingine rekodi mazungumzo ya vijana Waakadi, wenyeji wa hapa wenye asili ya Kifaransa, wanaozungumza Chiac, ile lugha yao inayochanganya Kifaransa na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Watazamaji wa Nairobi waliokulia katika Sheng watawatambua mara moja kama ndugu.

KijanaWaMississauga

Nitatofautiana kidogo na wakubwa. Mama yangu aliniomba Niagara kwa miaka mitatu, na nilipompeleka kwa njia ya video alilia. Watu wa nyumbani wana haki ya kuona kile walichokisikia tangu shuleni, kwa hiyo usikidharau kwa sababu tu ni maarufu. Nilichojifunza ni kwamba kisichotarajiwa hutegemea mtazamaji. Nilirekodi maziwa yanayouzwa hapa Ontario kwenye mifuko, lita 4 zikiwa zimegawanywa katika mifuko mitatu, nikidhani nimeleta jambo kubwa. Binamu zangu wa Nakuru, waliokua na maziwa ya pakiti, wakaniuliza ajabu liko wapi. Kabla ya kurekodi, mtumie mtu mmoja wa nyumbani picha moja na usikilize swali lake la kwanza.

WakiliMontreal

Nizungumzie la jirani. Hapa Quebec, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 1998, katika kesi ya Aubry, kwamba kuchapisha picha ya mtu bila ridhaa yake kunaweza kuvunja haki yake hata kama picha ilipigwa mahali pa wazi. New Brunswick ina sheria tofauti, lakini uwanja wa nyuma wa nyumba ya mtu si barabara, na jirani si mandhari. Nenda kwake mikono mitupu, bila kamera, umwombe radhi, na usimwombe jambo lingine lolote siku hiyo. Na ukiwa na mpango wa kununua droni, kumbuka kwamba yenye uzito kuanzia gramu 250 hadi kilo 25 lazima isajiliwe Transport Canada, idara ya serikali ya uchukuzi, na mrushaji awe na cheti.

MgemaWaKaloleni

Nimesoma mjadala wote na nimeshangaa hakuna aliyeliona neno ulilolitumia mwenyewe. Umesema jirani yako hugema. Sisi Kaloleni, katika Kaunti ya Kilifi, hugema mnazi kwa kukwea asubuhi na jioni na kulikata panda kidogokidogo, na tembo huchacha likikawizwa. Tuonyeshe yeye hutoboa vipi, kwa nini hugema katika wiki zile ambazo usiku ni wa barafu na mchana huyeyuka, na kwa nini takribani lita 40 za utomvu hutoa lita 1 tu ya shira. Mimi nitaitazama hadi mwisho, na baba yangu, ambaye bado anakwea, nitamwita aketi karibu nami. Ila tumesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nawe ile "nguvu isiyojulikana" ilikuwa maji.

BintiPangani

Nawashukuru nyote, na wakubwa shikamooni. Nimebadilisha kichwa cha ile video ya kilima, na pima maji nimeazima kwa fundi tunayesali naye. Baba nilimsomea maelezo ya nahodha. Alinyamaza kama alivyotabiriwa, kisha akauliza kama wavuvi wa huko hufunga mashua kwa kamba za urefu gani. Sikujua, na Jumamosi ijayo nitakwenda kuwauliza.

Kwa jirani nilikwenda jana jioni mikono mitupu. Nilimwomba radhi kwa kumrekodi pasipo ruhusa, nikamwambia kwamba kwetu watu hugema minazi. Alitaka kujua mtu anawezaje kugema mti kutoka kileleni, tukazungumza mlangoni hadi giza likaingia. Suala la kamera sikulitaja. Nilipokuwa nikiaga alisema usiku wa Ijumaa utakuwa na barafu, hivyo Jumamosi utomvu utatiririka mapema, na kwamba nikitaka kusaidia kubeba ndoo nivae buti ndefu, kwa maana theluji nyuma ya nyumba bado inafika magotini.